Diski Hewa

Msiniulize nchi hii iko upande gani wa ramani. Yenyewe haipendi kutajwa, na waliowahi kuitaja kwa sauti hivi sasa wamepumzika. Nieleweke vizuri: wamepumzika, hawajafa. Katika nchi hiyo hakuna magereza. Mkuu wa Nchi aliyafuta yote kwa amri moja, na kesho yake mafundi wakapita kubadilisha vibao. Gereza Kuu likawa Nyumba Kuu ya Mapumziko, wafungwa wakawa Wageni wa Taifa, na askari jela wakaitwa Wenyeji. Kufuli hazikubadilishwa kwa kuwa zilikuwa bado nzima.

Siwatu binti Kheri alikuwa injinia wa kompyuta katika Wizara ya Mapumziko ya Lazima. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye shahada mbili na tabia ya kusema "ndiyo, Mheshimiwa" kabla swali halijaisha. Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Ilimwingia siku mdogo wake wa pekee, Feruzi, alipochukuliwa kwenda kupumzika.

Feruzi alikuwa mchora mabango. Serikali ilimwagiza achore bango la MWISHO WA LAMI, alisimike pale lami ya Barabara ya Ushindi inapoishia. Kijana akabeba ngazi na rangi zake, akaitafuta lami kwa nia njema kabisa. Kwa kuwa barabara ilikuwa imeshazinduliwa lakini haijaanza kujengwa, alilisimika bango palepale inapoanzia, hatua chache kutoka kwenye jiwe la uzinduzi. Hakimu alimwona ana hatia ya kusoma hali ya barabara bila kibali, akampa mapumziko ya miaka miwili.

Nyumbani, mama yao, Bi Kidawa, hakuwa na maneno mengi juu ya jambo hilo. Kila Ijumaa alilitoa godoro la Feruzi juani, akalipigapiga kwa fimbo, na jioni akalirudisha ndani.

"Lisije likanuka vumbi siku akirudi," alikuwa akisema. Kisha alimgeukia Siwatu: "Na siku yenyewe ni lini vile, mwanangu?"

"Ijumaa ya baada ya Sikukuu ya Shukrani kwa Uongozi, mama."

"Una hakika?"

"Nimeiona leo asubuhi kwenye mashine."

Na kweli alikuwa ameiona. Kila asubuhi, kabla ya chai, Siwatu aliliita jina la mdogo wake kwenye kompyuta ya Wizara, akaitazama ile tarehe, akalifunga jina. Hakuwa akibadilisha kitu. Alikuwa akitazama tu, kama mtu anavyomchungulia mtoto aliyelala.

Maana sheria ya nchi hiyo ilikuwa wazi: mgeni wa taifa hutoka siku inayosemwa na mtambo. Hatoki siku aliyoisema hakimu, kwa kuwa hakimu ni binadamu na binadamu husahau.

*

Kompyuta hiyo hapo mwanzo ilikuwa na diski moja, na diski yenyewe ilikuwa imezeeka, inakwaruza kila ikizunguka. Siwatu aliposikia mkwaruzo ule roho ilimruka, akaenda kwa Waziri kuomba kadi ya RAID na diski mpya. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, kadi hiyo ni kipande cha saketi kinachotoshea kiganjani. Huchomekwa ndani ya kompyuta, nayo huziongoza diski kadhaa zifanye kazi kama diski moja. Kila kinachoandikwa, kadi hukikatakata na kukisambaza kwenye diski zote, pamoja na hesabu ya kuweza kukijenga upya kipande kitakachopotea. Siwatu alizipanga diski nne. Ikifa moja, tatu zilizobaki hushirikiana kukumbuka yote aliyoyajua marehemu. Zikifa mbili, hakuna tena wa kumkumbuka mwenzake. Pembeni aliweka ya tano, tupu, ya akiba, ili ikifa mojawapo hiyo iingie mara moja mahali pake.

Kazi aliifanya kwa mikono yake. Alizima kompyuta, akafungua kifuniko kwa bisibisi, akagusa chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini umtoke, kisha akaisukuma kadi taratibu mpaka ikakaa sawasawa kwenye bodi. Akaunganisha nyaya, akawasha. Kadi ikatoa mlio mmoja mfupi wa salamu na taa zote zikawa kijani. Alipomaliza kuhamisha kumbukumbu, jina la kwanza kuliita lilikuwa la Feruzi. Tarehe ilikuwepo. Siwatu akakaa chini sakafuni, akapumua.

Alikosea jambo moja tu. Aliiwasha kadi kabla haijazinduliwa.

Ikabidi afungue tena. Kadi ikavishwa utepe wa rangi za bendera, kifuniko kikaachwa wazi ili waalikwa waione, na Waziri wa Mapumziko ya Lazima, Mheshimiwa Dakta Kanali Mwinyi Ngurumo, akaja na mkasi kwenye mto wa hariri. Feni ya kompyuta iliwahi kuuvuta utepe na kuutafuna kabla mkasi haujafika. Jambo hilo lilipigiwa makofi, kwa kuwa wengi walidhani ndiyo teknolojia yenyewe.

"Ndugu wananchi!" Waziri alinguruma. "Kuanzia leo, taifa hili limeacha rasmi kusahau! Majirani zetu wana kompyuta zenye diski moja. Sisi tunazo tano! Mtu aniambie, nani ameendelea?"

Watu wakapiga makofi.

"Na kwa kuwa hatusahau tena," akaendelea, "makaratasi ya nini?"

Uani, majalada yote ya wageni wa taifa yalikuwa yamerundikwa kama kuni za harusi. Siwatu akasogea, akainama kidogo kwa adabu.

"Mheshimiwa, naomba kusema neno. Kadi hii inatulinda diski moja ikifa. Hailindi moto, wala wizi, wala mtu akikosea. Lazima tuwe na nakala nyingine, tuiweke nje ya jengo hili."

"Siri za taifa zikae nje ya jengo?"

"Mahali salama, Mheshimiwa."

Waziri alimtazama kwa huruma. "Injinia, una wasiwasi na mtambo niliouzindua mimi?"

Siwatu alikumbuka ngazi na rangi za mdogo wake, ambazo mpaka leo zimo kwenye chumba cha vielelezo mahakamani.

"Hapana, Mheshimiwa."

Majalada yakawashwa moto. Bendi ikapiga. Karatasi moja ilipeperuka nusu imeungua ikamwangukia Siwatu begani, naye akaipangusa haraka bila kuisoma, isije ikaonekana anaomboleza.

*

Wakati huohuo nchi ilikuwa kwenye vita kali dhidi ya watumishi hewa, wale wanaokula mshahara bila kufanya kazi. Vita hiyo iliongozwa na Kamishna Chambuso Lwanda, mtu mrefu, msafi, asiyekula rushwa wala kusikiliza. Njia yake ya kuwatambua watumishi hewa ilisifiwa hadi ng'ambo, na iliitwa Operesheni Kiti Kitupu. Aliingia ofisini, akamwondoa mtumishi mmoja, akasubiri. Kazi ikisimama, mtumishi alirudishwa. Kazi ikiendelea kama kawaida, basi yule alikuwa hewa, na alipelekwa mahakamani.

Matokeo yalitisha. Wizara ya Barabara aliwaondoa mainjinia wote na hali ya barabara haikubadilika hata kidogo. Kikosi cha Zimamoto aliwaondoa wote na wiki ile jiji halikuungua. Kwenye Idara ya Malalamiko aliondoa hata meza, na malalamiko yakapungua. Kila mahali alipopita aliacha viti vitupu na taarifa ya ushindi.

Siku alipoingia chumba cha seva, ilimokaa kompyuta ya Wizara, Siwatu alisimama kando ya mlango, mikono nyuma. Kamishna akainama mbele ya mashine, akazikagua zile diski kama gwaride.

"Hawa wanafanya kazi hapa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ni diski."

"Naona taa za hawa wanne zinacheza. Mbona ya huyu wa mwisho imetulia?"

"Hiyo ni ya akiba, Mheshimiwa. Inasubiri."

"Anasubiri nini?"

"Anasubiri mwenzake afe, ashike nafasi yake."

Kamishna akawageukia wasaidizi wake, na kwa mara ya kwanza uso wake ukaonyesha hofu. "Kazi ya namna hiyo nchini iko moja tu, na imo kwenye Katiba," alisema kwa sauti ya chini. "Na anayeifanya tunamfuatilia. Mtoe huyu!"

Siwatu akaichomoa diski ya akiba. Hakuna kilichobadilika. Wasaidizi wakaandika.

"Haya. Sasa hawa wanne. Nikimwondoa mmoja wao, kazi itasimama?"

Hapo ndipo Siwatu angeweza kudanganya. Angesema itasimama, na leo nisingekuwa na hadithi. Lakini alikuwa injinia, na alipoulizwa swali la ufundi alijibu kifundi kabla akili haijawahi kumzuia.

"Haitasimama, Mheshimiwa, lakini..."

"Haitasimama?"

"Haitasimama, ila tu..."

"Andikeni," Kamishna akawaambia wasaidizi. "Msimamizi wao amekiri mwenyewe. Injinia, mtoe huyo wa pili kutoka kushoto."

"Mheshimiwa, nakuomba. Ikitoka hiyo, hakuna tena ya akiba. Tutabaki juu ya uzi."

"Una ndugu kwenye Nyumba Kuu ya Mapumziko, si ndiyo?" Kamishna aliuliza kwa upole. "Nimesikia anakaribia kutoka. Hongereni."

Siwatu akaishika diski ya pili kutoka kushoto, akabonyeza kishikizo chake, akaivuta. Papo hapo kadi ikaanza kulia. Ulikuwa mlio mkali wa kukatakata, usiopumzika, mlio wa kitu kidogo kinachojua kinasema nini.

"Nini hicho?"

"Ni kadi, Mheshimiwa. Inasema mwenzao mmoja hayupo."

"Ahaa, mgomo. Mnyamazishe."

Kwenye programu ya kuisimamia kadi kulikuwa na amri ya kuzima kengele. Iliwekwa hapo kwa ajili ya fundi ambaye ameshaisikia na anakwenda kuleta diski nyingine. Siwatu aliitazama amri hiyo mpaka macho yakamwuma. Kisha akaibonyeza. Chumba kikawa kimya, na kioo kikaandika kwa herufi za njano kwamba mfumo umedhoofika. Akaliita jina la Feruzi. Tarehe ilikuwa palepale. Akajiambia kwamba tatu zinatosha, kwamba siku zenyewe zimebaki chache, na kwamba mtu mwingine yeyote angefanya hivyohivyo. La mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililomnyima usingizi.

*

Diski zote mbili zilifikishwa mahakamani. Ile ya akiba iliachiwa. Ilipothibitika kwamba haina chochote kichwani, iliteuliwa kuwa mjumbe wa bodi ya shirika moja la umma, na nasikia inafanya vizuri.

Ya pili kutoka kushoto haikuwa na bahati hiyo. Ilishtakiwa kwa kula umeme wa serikali bila kufanya kazi. Hakimu alipoiuliza kama ina la kusema ilikaa kimya, na ukimya huo ukahesabiwa kuwa dharau. Ilipewa miaka mitano na kupelekwa Nyumba Kuu ya Mapumziko, ikiwa imekaa kiti cha nyuma cha gari, katikati ya Wenyeji wawili. Siwatu ndiye aliyepewa kazi ya kuandika tarehe yake ya kutoka ndani ya mtambo. Jina la mgeni: Diski wa Pili Kutoka Kushoto. Alibonyeza, na kadi tiifu ikaikatakata tarehe hiyo na kuigawa kwa zile tatu zilizobaki.

Aliomba diski nyingine ya kujaza pengo. Akajibiwa kwamba ajira zote mpya serikalini zimesitishwa mpaka vita dhidi ya watumishi hewa iishe.

Basi ikawa kila asubuhi anaingia chumba cha seva akiwa amejikaza kama anayeingia wodini. Anahesabu taa: moja, mbili, tatu. Analiita jina. Analifunga. Alikataza watu kufunga mlango kwa nguvu. Alihamisha hata dumu la maji ya kunywa lililokuwa koridoni. Usiku nyumbani aliusikia ule mlio aliouzima, ukiwa umehamia ndani ya sikio lake.

"Umekonda," Bi Kidawa alimwambia. "Kuna jambo?"

"Hakuna, mama. Kazi tu."

"Nimemshonea shati," mama akasema. "Lile la zamani litambana, maana huko nasikia wanakaa tu."

*

Juma lenyewe la Ijumaa ya Feruzi, Kamishna Chambuso alirudi. Safari hii alikuja na Waziri, bendi na kamera za televisheni. Mkuu wa Nchi alikuwa amefurahishwa na taarifa ya chumba cha seva, na alikuwa amepiga hesabu yake mwenyewe. Kama watatu wanafanya kazi ya wanne bila kutetereka, basi wawili watafanya kazi ya watatu.

"Injinia," Kamishna akasema mbele ya kamera, "mtoe mmoja."

"Hapana, Mheshimiwa."

Neno hilo lilikuwa halijawahi kusikika ndani ya Wizara ile. Mpiga kamera mmoja aliishusha kamera yake kwa heshima. Siwatu mwenyewe alishangaa kulisikia, lakini kwa kuwa lilikuwa limeshatoka, aliliongezea mengine.

"Mara ya kwanza niliwaambia haitasimama, na haikusimama. Sasa nawaambia itakufa. Tarehe zote zitapotea, za wageni wote. Hakuna karatasi, tulizichoma. Hakuna nakala, mlikataa. Niondoeni mimi, Waheshimiwa. Niacheni nikapumzike. Msiiguse hiyo."

Kamishna alitabasamu kama mtu aliyekwisha kuyasikia hayo kwingine. "Wakuu wote wa idara huniambia hivyohivyo. Zimamoto waliniambia jiji litaungua."

Akaichomoa mwenyewe.

Kwa sekunde moja hakukuwa na kitu, na watu wakaanza kupiga makofi. Kamishna aliiinua diski juu ionekane, akamkabidhi Waziri aibariki kwa mkono wake. Waziri, aliyekuwa amevaa glavu nyeupe za sherehe, aliipokea, ikamteleza, ikaanguka kwenye vigae. Sauti ya kuanguka haikuwa kubwa. Siwatu aliisikia kifuani.

Ndipo kadi ilipopiga kelele. Kiongozi wa bendi, aliyekuwa ameambiwa asubiri ishara, alidhani ndiyo hiyo, akaanzisha wimbo wa taifa. Watu wote wakasimama wima. Kujitikisa wakati wa wimbo wa taifa ni mapumziko ya miaka miwili, kwa hiyo Siwatu naye alisimama wima, mikono mapajani, akiitazama diski iliyolala karibu na kiatu cha Waziri, huku kadi ikimlilia yeye peke yake. Wimbo wa nchi ile una beti nyingi, na siku za sherehe huimbwa zote. Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. Usiku televisheni ilimwonyesha kama mfano wa uzalendo.

Ulipokwisha alijitupa chini, akaiokota, akairudisha mahali pake. Ndani yake kulisikika kitu kinagonga, kaa, kaa, kaa, kama kucha kwenye bati. Akaliita jina la Feruzi. Kioo kilikuwa cheusi, na katikati ya weusi huo kadi ilikuwa imeandika kwamba hakuna kinachoweza kusomeka.

*

Ijumaa Feruzi alifungasha vitu vyake akasimama getini. Wenyeji wakauuliza mtambo, mtambo haukujibu, wakamrudisha ndani. Hawakumpiga. Walimweleza kwa upole kwamba siku yake bado, na alipouliza lini, walikubali kwamba hilo ni swali zuri.

Waziri alitoa tamko. "Uvumi kwamba Wizara imepoteza tarehe ni uongo mtupu. Hakuna tarehe hata moja iliyotoka ndani ya mtambo. Zote zimo. Mtambo ndio hausomeki. Wageni wetu waendelee kupumzika mpaka tarehe zao zitakapofika."

Siwatu alikwenda ofisini kwa Waziri bila miadi. Hakuwa na cha kuogopea tena, au hivyo ndivyo alivyofikiri akiwa njiani.

"Mheshimiwa, kuna njia. Ile diski mliyoifunga kwanza haijafa. Ikirudishwa, pamoja na hizi mbili nzima, zitakuwa tatu, na tatu zinatosha. Nitailazimisha kadi iikubali. Tarehe zote zilizoandikwa kabla haijafungwa zitarudi."

Waziri aliruka kutoka kitini kwa furaha ya kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Waziri tu. "Basi aachiwe leo hii! Katibu, andika!"

Mwanasheria wa Wizara alikohoa. "Mheshimiwa, mgeni wa taifa hutoka siku inayosemwa na mtambo."

"Sawa. Na kuhusu huyu, mtambo unasemaje?"

Siwatu alikuwa wa kwanza kuelewa.

"Tarehe yake imo ndani ya mtambo," mwanasheria akasema.

"Naijua!" Siwatu akapaza sauti. "Niliiandika kwa mkono wangu. Na ya Feruzi naijua, mama yangu anaijua, mtaa mzima unaijua!"

"Binadamu husahau, Injinia," Waziri akamjibu kwa masikitiko. "Ndiyo maana tulinunua kadi."

"Msamaha wa Mkuu wa Nchi, basi!"

"Msamaha hutolewa kwa mgeni anayetambuliwa na mtambo," mwanasheria akakumbusha.

Waziri akaketi, akajifuta jasho. Akaagiza iundwe kamati ya kuchunguza ni nani aliyemfunga diski muhimu kiasi hicho. Mwenyekiti wake akateuliwa Kamishna Chambuso.

*

Siku ya kutembelea wageni Siwatu alibeba kikapu cha vitumbua na lile shati jipya. Mwenyeji mnene mwenye funguo alimpitisha mpaka chumba cha Feruzi, akasimama mlangoni akijichokoa meno.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Nakula mara mbili," Feruzi akasema, akijaribu kucheka. "Wameniletea mwenzangu wa chumba. Chakula chake wanakileta kila siku na yeye hagusi. Hana maneno, hakoromi. Nimeshakaa na watu wabaya zaidi."

Akaonyesha pembeni. Juu ya mkeka mpya wa serikali, na shuka imekunjwa vizuri kando yake, ilikuwepo ile diski ya pili kutoka kushoto.

Siwatu alipiga magoti, akaigeuza mkononi, akatazama meno yake ya kuunganishia. Yalikuwa safi. Hapakuwa na kutu wala ufa.

"Feruzi, nisikilize. Usiiangushe. Maji yasiiguse. Usimruhusu mtu aikalie."

"Kwa nini? Ni nini hii?"

Akamweleza kwa sauti ya chini, yote, hata lile la kubonyeza amri ya kuzima kengele. Feruzi alisikiliza huku amekunja uso. Kisha akaichukua diski, akaifuta vumbi kwa ncha ya shati, taratibu, akaiweka mapajani.

"Kwa hiyo mimi nimo humu?"

"Tarehe yako imo."

"Siwezi kuiona?"

"Huwezi. Hata mimi siwezi, mpaka iwe kwenye kadi pamoja na wenzake."

Feruzi alitupia jicho mlangoni. Mwenyeji alikuwa amegeuka kumwita mtu. Akaisukuma diski kuelekea kikapuni.

"Ichukue, dada. Funika kwa kitambaa. Haraka."

Mkono wa Siwatu ulikuwa umeshaishika. Uzito wake haukuzidi wa kitabu kimoja. Ndani ya kikapu palikuwa na nafasi, kama vile mama alitia vitumbua vichache makusudi. Lakini getini kila mgeni wa taifa huhesabiwa kabla watembeleaji hawajaruhusiwa kutoka, na huyu naye alikuwa na jina na namba. Siwatu angekamatwa. Angeingizwa chumba cha jirani, bila tarehe, na nchini kungekuwa hakuna tena mtu anayejua jinsi ya kuirudisha diski ile kwenye kadi. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa, na ilikuwa sababu nzuri. Pia aliogopa. Tusimpambe.

Akairudisha mapajani mwa mdogo wake.

"Ishike vizuri," akasema.

"Nimeishika."

Alipofika nyumbani godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani, na mama yake amesimama mlangoni, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shati limemtosha?"

"Limemtosha."

"Na siku yenyewe wamesemaje? Lini?"

Siwatu alitazama pembeni. "Tarehe anayo mwenyewe, mama. Nimemwacha ameipakata."

Bi Kidawa alitafakari jambo hilo, na uso wake ukatulia kidogo.

"Afadhali," alisema. "Kama anayo mwenyewe, hawataweza kuipoteza tena. Hebu njoo unisaidie, jua limehama."

Siwatu akaweka kikapu chini, akashika upande wa pili wa godoro.